Kupima Kabla ya Kufungua: Njia za Kusomea Ufundi Magari Nyanda za Juu Kusini

Matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, wazazi huja kwenye gereji tunayofanyia kazi hapa Uyole, Mbeya, wakiwa na swali moja ambalo nimelisikia mara nyingi sana: mwanangu anapenda magari, je, nimpeleke chuo au nimlete kwako ashike spana? Kwa miaka mingi nililijibu harakaharaka, leo chuo, kesho gereji, kulingana na kijana aliyesimama mbele yangu. Siku hizi simjibu mzazi kabla sijamweleza kijana wake atakwenda kufundishwa nini hasa, kwa sababu asipolijua hilo hana namna ya kupima jibu lolote atakalopewa, liwe langu au la jirani yake.

Ugumu unaanzia kwenye neno lenyewe. Tunamwita fundi yule anayebadilisha oili, tunamwita fundi yule anayefungua injini nzima na kuirudisha, na tunamwita fundi pia yule anayekaa na gari nusu saa bila kufungua hata boliti moja, kisha akasema tatizo liko wapi. Hizi ni kazi tatu ndani ya neno moja. Sevisi, yaani kubadili oili na chujio, kukagua pedi za breki, kupaka grisi na kuangalia mikanda, kijana makini anaimudu ndani ya miezi michache. Kufungua na kufunga kunadai mkono uliozoea na kumbukumbu nzuri, na huko miaka miwili au mitatu ya gerejini humfikisha mtu mbali. Kutafuta chanzo cha tatizo ndiko kunakochukua muda mrefu kuliko vyote, ndiko kunakolipa vizuri, na ndiko kunakofundishwa kidogo kuliko inavyopaswa, chuoni na gerejini pia. Ninaposema mafunzo mazuri ya ufundi magari, ninamaanisha mafunzo yanayomfikisha mtu hapo.

Kwa nini nalisisitiza hili kwa kijana wa Mbeya, Iringa au Njombe? Kwa sababu milima yetu inafanya gari liugue kwa namna yake. Jiji la Mbeya liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kwa urefu huo shinikizo la hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 18 likilinganishwa na lile la Dar es Salaam, kwa hiyo injini isiyo na tabo, yaani kifaa cha kuisukumia hewa, inavuta hewa kidogo zaidi kila pistoni inaposhuka, na nguvu yake inapungua kwa kiasi kinachokaribiana na hicho. Mteja anayehamia huku na gari lake kutoka Pwani atalalamika kwamba gari limekuwa zito, na fundi asiyejua sababu atambadilishia plagi, atasafisha nozeli, pengine atamuuzia pampu ya mafuta, ilhali gari ni zima.

Urefu huohuo unabadilisha maji. Hapa Mbeya maji yaliyo wazi sufuriani huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, na injini nyingi hufanya kazi kati ya nyuzi 85 na 100. Kinachoyazuia maji ya rediata yasichemke ni kifuniko chake, ambacho hushikilia shinikizo ndani ya mfumo. Ndiyo maana juu ya vifuniko vingi vya magari ya Japani utasoma namba kama 0.9 au 1.1, ambazo ni kipimo cha shinikizo hilo. Kifuniko kizima cha 0.9 hupandisha kiwango cha kuchemka hapa kwetu hadi nyuzi 115 hivi. Kifuniko kilichochoka, ambacho mpira wake umepasuka kidogo tu, kinairudisha injini kwenye zile nyuzi 94, na gari litachemsha kwenye mlima wa kwanza. Hicho ni kifaa cha bei ndogo sana, kinachopimwa kwa pampu ndogo ya mkono ndani ya dakika mbili. Nimeona wateja waliotozwa fedha za rediata mpya, kisha za gasketi ya silinda hedi, kabla mtu hajakigusa kifuniko.

Nikiwa hapohapo kwenye kupoza injini, niseme jambo linaloniuma. Katika gereji nyingi kuna desturi ya kuondoa thamostati na kuitupa, kwa hoja kwamba nchi yetu ni ya joto na kifaa hicho kinazuia maji. Asubuhi ya Juni au Julai huku kwetu, wakati watu wamejifunika mablanketi na mashuka ya kimasai, hoja hiyo haina miguu. Thamostati hufunga njia ya maji hadi injini ifikie joto lake la kazi, kwa kawaida kati ya nyuzi 82 na 88, ndipo hufunguka. Ikiondolewa, injini hukaa baridi kwa muda mrefu. Sensa ya joto huiambia kontrol boksi, yaani kompyuta ya injini, kwamba injini bado haijapata moto, nayo huendelea kuongeza mafuta. Gari linakula mafuta, mafuta yasiyoungua yanaosha oili kwenye kuta za silinda, ringi zinalika. Kijana aliyefundishwa thamostati inafanya nini hawezi kuitupa. Aliyefundishwa kuitoa tu ataitoa maisha yake yote, na atawafundisha wengine vivyo hivyo.

Kuhusu breki, nadhani kila mtu wa barabara ya Tanzamu ananielewa bila maelezo mengi. Kutoka Kitonga hadi Mlima Nyoka, na kutoka Iwambi kushuka Mbalizi, breki hufanya kazi ambayo tambarare haziijui. Lori lenye tela na uzito wa tani 56, ambao ndio uzito wa juu unaoruhusiwa kwa magari makubwa katika nchi za Afrika Mashariki, likishuka wima wa mita 100 tu linaachia nishati inayotosha kuchemsha zaidi ya lita 150 za maji baridi. Nishati hiyo lazima iende mahali. Dereva akishuka kwa gia nzito na kutumia egzosi breki, ile inayobana moshi wa injini, sehemu kubwa inamezwa na injini. Akikanyaga breki mfululizo, yote inaingia kwenye drami, zinapata moto, na uwezo wao wa kushika unapotea. Kwa magari madogo yenye breki za mafuta hatari inakuja kwa mlango mwingine. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa kidogokidogo. Mafuta mapya ya daraja la DOT 3 yanatakiwa kuvumilia angalau nyuzi 205 kabla ya kuchemka, lakini yakishanyonya maji kufikia asilimia 3.7 kiwango kinachotakiwa ni nyuzi 140 tu. Yakichemka katikati ya mteremko yanatoa mvuke, mvuke unabonyea, na kanyagio la breki linazama hadi sakafuni. Gari likipoa breki zinarudi, na fundi anayekagua baadaye haoni kitu. Fundi wa Nyanda za Juu Kusini anapaswa kulijua hili kama mkulima wa Mbarali anavyojua maji ya mpunga.

Sasa nirudi kwa mzazi na swali lake, nianze na vyeti, kwa maana hapo ndipo pana mkanganyiko wa namba unaowachanganya hata waajiri. Zamani fundi alifanya majaribio ya ufundi ya daraja la tatu, la pili na la kwanza, na daraja la tatu lilikuwa la chini, la kwanza la juu. Mfumo wa sasa umegeuza mwelekeo. Tuzo ya Taifa ya Ufundi Stadi, ambayo vijana huiita kwa herufi zake za Kiingereza NVA, huanza na ngazi ya kwanza, ambayo ni ya chini, na kuishia ngazi ya tatu, ambayo ni ya juu. Kwa hiyo baba mwenye cheti cha zamani cha daraja la tatu na binti yake mwenye NVA ngazi ya tatu wana vyeti vinavyofanana kwa namba, lakini vinavyotofautiana sana kwa uzito. Nimewahi kumwona kijana wa ngazi ya tatu akiwekwa kwenye mshahara wa kuanzia kwa sababu ofisa aliyemwajiri alisoma namba hiyo kwa macho ya zamani.

Ukishaelewa mwelekeo huo, ngazi inayofuata inajieleza yenyewe. Watu huuliza kwa nini cheti cha awali cha ufundi sanifu kinaitwa ngazi ya nne, kana kwamba kuna tatu zilizopotea. Hazijapotea: ni zile tatu za ufundi stadi. Ngazi ya nne, ya tano na ya sita ni za fundi sanifu, na ya sita ndiyo stashahada. Kuanzia ya saba na ya nane unaingia kwenye shahada. Ni ngazi moja ndefu inayosimamiwa ubora wake na baraza moja, Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi (NACTVET), ingawa watu huipanda kutoka sehemu tofauti. Aliyemaliza darasa la saba anaweza kuanza chini kabisa. Mwenye cheti cha kidato cha nne chenye ufaulu unaotakiwa, hasa katika masomo ya sayansi, anaweza kuomba moja kwa moja ngazi ya nne. Na tangu mwaka 2024, baada ya Sera ya Elimu na Mafunzo kuboreshwa, sekondari zina mkondo wa amali, ambako mwanafunzi husoma fani ya ufundi pamoja na masomo ya kawaida, hivyo baadhi ya vijana watakuwa wamekwisha kushika vifaa kabla hawajafika chuoni.

Huku kwetu milango ya ngazi za chini iko wazi. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, yaani VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina vyuo Mbeya na Iringa, na vipo pia vyuo vya maendeleo ya wananchi, kama kile cha Ilula na kile cha Njombe, pamoja na vyuo vya madhehebu ya dini na vya watu binafsi. Kwa ngazi za juu, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, ambacho wengi wetu tulikijua kama Chuo cha Ufundi Mbeya kilipoanza mwaka 1986, hufundisha uhandisi wa mitambo. Anayetaka kubobea kwenye uhandisi wa magari mara nyingi huangalia Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kule Dar es Salaam. Ni muhimu mzazi afahamu kwamba fani zenyewe zimegawanyika: ufundi magari, umeme wa magari, ufundi wa bodi na rangi, mitambo mikubwa, zana za kilimo. Kijana wa Mafinga anayezunguka kati ya malori ya mbao na mashamba ya chai anaweza kupata kazi haraka zaidi kwenye mitambo mikubwa kuliko kwenye magari madogo, na ni vyema alifikirie hilo kabla ya kujaza fomu, si baada.

Ngazi ya kwanza huwakatisha tamaa wengi. Kijana amekuja akitarajia kufungua injini, anapewa kipande cha chuma na tupa, anaambiwa akilainishe hadi kiwe mraba kamili, na wiki inapita, na ya pili. Wengine wanaacha. Naomba wazazi wawasihi wavumilie, kwa sababu zoezi hilo lina maana kubwa. Mkono unajifunza kutambua tofauti ambazo jicho halizioni, na kijana anazoea kusoma vifaa vya kupimia, venia na maikromita, hadi sehemu ya mia ya milimita. Nafasi ya oili kati ya shafti kuu ya injini na beringi zake katika magari mengi madogo ni kati ya milimita 0.02 na 0.05, nyembamba kuliko unywele. Uso wa silinda hedi ukipinda zaidi ya milimita 0.1 kwa injini nyingi hauruhusiwi kurudishwa ulivyo, hata kama kwa kucha unahisi laini kama kioo. Mtu asiyejua kuzipima nafasi hizo atafunga injini kwa imani, na injini itadumu miezi mitatu.

Gereji nayo ina utajiri wake ambao chuo hakiwezi kuuiga. Chuoni kuna injini moja iliyofunguliwa na kufungwa na wanafunzi wa miaka kumi, boliti zake zimezoea. Gerejini kuna boliti iliyoshikwa na kutu ya miaka 15 ya matope ya Rungwe, na inabidi uitoe bila kuikata. Gerejini kuna mteja mwenye haraka, kuna sauti ambazo hazimo kitabuni, kuna namna ya kumsikiliza mama anayesema gari lake linalia kama paka asubuhi tu. Kijana wa gerejini hujifunza haya kwa miezi, na huyajua kwa mikono. Lakini gereji haimlazimishi mtu kueleza kwa nini. Kazi inayokwenda ikirudi nzima, hakuna anayeuliza. Halafu kuna mazoea mabaya ambayo hurithiwa kama mali ya ukoo: kuingia chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake bila stendi, kukaza boliti za silinda hedi kwa kukisia bila spana ya kupima nguvu na bila kufuata mpangilio wa kuanzia katikati kwenda nje, kuosha vifaa kwa petroli karibu na moto. Jambo la jeki ningependa lisemwe kila asubuhi katika kila gereji, kwa kuwa linaua.

Nieleze tukio moja kwa ukaribu ili tofauti ninayoisema ionekane. Mwaka uliopita mama mmoja alileta Noah yake ikivutwa. Stata, yaani mota ya kuwashia injini, ilikuwa inazunguka kwa kujikokota, na gari haliwaki. Alikuwa amekwisha kununua betri mpya kwa ushauri wa fundi mwingine, na alikuwa ameambiwa sasa anunue stata. Nilimwita binti aliyekuwa kwetu kwa mafunzo ya vitendo kutoka chuoni, nikamwachia.

"Fundi, niifungue stata?" aliniuliza.

"Umeipima?"

Alikwenda kuchukua mita ya umeme. Kwanza aliitoa fyuzi ya pampu ya mafuta ili injini isiwake katikati ya kipimo. Betri ikiwa imetulia ilisoma volti 12.6, yaani imejaa. Mama akapiga stata, na kwenye ncha za betri mita ikashuka hadi 11.8 tu, betri yenyewe haikuwa imelemewa. Kwenye stata, hata hivyo, zilikuwa zikifika volti tisa na kitu. Binti akasimama akitazama waya, na niliona anahesabu. Volti mbili na zaidi zilikuwa zinapotea njiani. Akaweka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye chuma cha injini, mahali pasipo na rangi, akaomba stata ipigwe tena: 2.3. Hapo panapaswa kuwa chini ya nusu volti. Tukaufuata waya wa hasi hadi unapofungwa kwenye injini. Chini ya kichwa cha boliti palikuwa na unga wa kijani, na waya ulikuwa unachezacheza. Alipiga msasa, akakaza, akapima tena, ikasoma 0.1. Akarudisha fyuzi na gari likawaka kwa mguso mmoja. Mama hakununua stata.

Kipimo hicho, cha kutazama volti zinazopotea wakati umeme unapita, kinafundishwa chuoni kwa ubao na chaki. Binti alikuwa nacho kwenye daftari. Kile ambacho hakuwa nacho ni uzoefu wa kujua akitumie lini, na vijana wangu wa gerejini, ambao wangeifungua ile stata kwa dakika 20 bila kutazama, hawakuwahi kukisikia.

Mashine za kusomea kontrol boksi zimefanya iwe muhimu zaidi kulielewa jambo hili, kwa sababu zimewadanganya wengi. Marekani ililazimisha magari mapya ya kuanzia mwaka 1996 yawe na mfumo mmoja wa kujichunguza wenye soketi ya pini 16, Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001, na leo magari mengi yanayoingia nchini yana soketi hiyo chini ya dashibodi. Unachomeka mashine, inatoa namba. Wateja wameanza kuamini kwamba mashine inasema kifaa kipi kimekufa, na mafundi wengine wameanza kuamini hivyo pia. Chukua namba P0171. Herufi ya kwanza inasema tatizo liko upande wa injini na giaboksi. Namba yote inasema kontrol boksi imeona mchanganyiko una hewa nyingi au mafuta machache kupita uwezo wake wa kurekebisha. Haisemi kwa nini. Inaweza kuwa mpira wa hewa umepasuka nyuma ya kichujio, inaweza kuwa sensa ya hewa imechafuka kwa vumbi la barabara ya Chunya, inaweza kuwa pampu ya mafuta imechoka. Sensa ya oksijeni, ambayo ndiyo hununuliwa kwanza, mara nyingi ndiyo iliyotoa taarifa ya kweli. Kuibadilisha ni sawa na kumfukuza mlinzi aliyepiga kelele za mwizi. Mashine inakuonyesha mahali pa kuanza kupima. Asiyejua mfumo wa mafuta unavyofanya kazi haimsaidii hata ikiwa ya gharama kubwa.

Jibu langu kwa wazazi, basi, ni kwamba kijana anahitaji vyote viwili, na mpangilio wake ndio wa kuangaliwa. Ujerumani wamejenga mafunzo ya fani hii juu ya wazo hilohilo: mwanagenzi husaini mkataba na gereji, husoma shuleni sehemu ya muda na hufanya kazi sehemu kubwa, kwa miaka mitatu na nusu, na tangu mwaka 2003 waliunganisha umakanika na umeme wa magari kuwa fani moja, kwa kuwa gari la sasa haliwezi kugawanywa hivyo tena. Sisi tuna mafunzo ya uanagenzi na tuna vipindi vya mafunzo kwa vitendo, ambavyo wanafunzi huviita fildi, lakini ubora wa fildi unategemea mno gereji aliyopangiwa kijana. Nimepokea wanafunzi waliotoka gereji nyingine wakiwa wamefagia na kutumwa chai kwa wiki nane. Kitabu chao cha kumbukumbu kilikuwa kimejazwa kazi ambazo hawakuzifanya, na kilikuwa kimesainiwa.

Kwa hiyo mzazi anayekwenda kutembelea chuo asiishie kwenye ada na majengo. Aombe kuingia karakana. Aulize wanafunzi wangapi wanashiriki injini moja, na kama injini hizo zinawaka au ni za kufunguliwa tu. Aulize kama kila mwanafunzi anashika mita ya umeme kwa mkono wake. Kama magari ya kujifunzia yote ni ya kabureta, ajue kwamba kijana wake atakutana na mfumo wa sindano za mafuta kwa mara ya kwanza kwenye gari la mteja. Aulize pia chuo kinampeleka wapi kijana kwa fildi, na mwalimu humtembelea mara ngapi. Suala la lugha nalo lisipuuzwe: darasani maelezo mengi huwa ya Kiswahili, lakini vitabu vya matengenezo vya watengenezaji ni vya Kiingereza, na gari lililotoka Japani lina maandishi ya Kijapani hadi kwenye skrini. Kijana asiyeweza kusoma jedwali la vipimo kwa Kiingereza atategemea kusimuliwa, na vipimo vinavyosimuliwa hubadilika njiani.

Kuna kundi jingine ambalo huja kuniuliza kwa sauti ya chini, nao ni mafundi wenyewe: watu wa miaka 35 au 40, wameshika spana tangu utoto, hawana cheti, na kampuni ya usafirishaji ya Tunduma au shamba la chai la Mufindi limetangaza nafasi inayotaka cheti. Hao hawahitaji kuanza ngazi ya kwanza pamoja na watoto wao. Upo utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi wa mafunzo, unaoendeshwa kupitia VETA: fundi hupimwa kwa kazi halisi mbele ya wakaguzi, huonyeshwa mahali penye pengo, hupata mafunzo mafupi ya kuliziba, kisha hupata cheti kinacholingana na ujuzi wake. Ninawasihi wauendee. Pengo linalojitokeza kwao, kwa niliowaona mimi, karibu kila mara ni umeme na vipimo. Mikono yao haina shida.

Na pengo hilo sasa lina hatari ambayo haikuwepo. Magari yanayotumia petroli na umeme kwa pamoja, kama Prius na Aqua, yameanza kuonekana hata huku milimani. Betri kubwa ya Prius nyingi ina takriban volti 201, na kifaa kiitwacho inverta hupandisha umeme huo juu zaidi kwa ajili ya mota. Nyaya zake zimefunikwa kwa rangi ya chungwa ili mtu asizishike bila kujua. Fundi aliyezoea kuugusa umeme wa volti 12 kwa vidole vitupu anaweza kufa kwa mazoea hayo. Utaratibu wake haurukwi hatua: gari linazimwa na ufunguo unawekwa mbali, betri ndogo inakatwa, glavu za mpira zilizopimwa kwa volti 1,000 zinakaguliwa kwa kujazwa hewa kama zina tundu, plagi ya usalama ya betri kubwa inavutwa na kuwekwa mfukoni ili mwingine asiirudishe, kisha mnangoja dakika kumi ili umeme uliobaki ndani ya inverta uishe. Mara ya kwanza tulipoifanya kazi hiyo walikuwepo fundi wetu mzee na yule binti wa chuo. Mzee alifungua kifuniko cha inverta, maana ndiye aliyejua boliti zile zinavyokwama. Binti alivaa glavu, akaweka ncha mbili za mita kwenye vichwa vya nyaya za chungwa, akasoma kwa sauti: sifuri. Ndipo tulipoanza kazi.